Wafalme Wawili, Chupa Moja

"Shemeji, ile kubwa pale juu ni lita ngapi?"

Tulikuwa ndani ya ghala la mvinyo huko Vila Nova de Gaia, Ureno, ng'ambo ya mto Douro, Porto ikitutazama kutoka upande wa pili. Mume wa dada yangu anaishi kule na alikuwa amenitembeza tangu asubuhi. Kwenye rafu zilipangwa chupa nyeusi za port, ule mvinyo mtamu na mkali wa Ureno, kuanzia ndogo ya kutia mfukoni hadi moja nene, ya kubebwa kwa mikono miwili.

"Hiyo?" akasema. "Hiyo wanaiita Yeroboamu."

Bwana mmoja Mfaransa aliyekuwa kwenye msafara wetu akageuka. Hapana, akasema kwa upole, ile ni Rehoboamu. Yeye kwao ni Champagne, mkoa wa Ufaransa unaotengeneza shampeni, na chupa za namna ile anazijua tangu utotoni. Binti aliyekuwa akituongoza akawaacha wamalize, kisha akasema wote wawili wako sahihi, inategemea unamuuliza nani. Akaendelea na habari za mapipa.

Lita hakuzitaja.

Jibu lile limenikaa kichwani wiki kadhaa. Kipimo kinategemeaje unamuuliza nani?

Ninyi msiokunywa, msiondoke. Habari hii haihitaji tone hata moja. Inahitaji Biblia, jagi la bati na uvumilivu kidogo.

## Ugomvi wa wafalme

Tuanze pale pasipo na ubishi. Chupa ya kawaida ni mililita 750. Ukitia chupa mbili ndani ya moja unapata lita 1.5, na hiyo dunia nzima ni magnamu. Ukivuka hapo, kila mji na kinywa chake.

Kwa watu wa Champagne, lita 3 ni Yeroboamu. Lita 4.5 ni Rehoboamu, lita 6 Methusela, lita 9 Shalmaneseri, lita 12 Balthazar, lita 15 Nebukadreza. Wapo wanaopanda hadi lita 18, wakaiita Melchior, jina ambalo mapokeo yanampa mmoja wa mamajusi waliomfuata mtoto Bethlehemu.

Nenda Bordeaux sasa, mkoa mwingine wa divai huko huko Ufaransa. Lita 3 si Yeroboamu tena, ni magnamu maradufu. Yeroboamu mwenyewe amehamia kwenye lita 4.5, na baadaye akapandishwa cheo hadi lita 5. Methusela hayupo, lita 6 huitwa Impériale.

Port si shampeni wala si divai ya Bordeaux. Chupa yake ya lita 4.5, kama ile ya rafuni, haina ukoo wake wa majina, basi kila mgeni huibatiza kwa jina la kwao. Ndiyo maana shemeji, ambaye bosi wake jikoni ni mtu wa Bordeaux wa zamani, aliona Yeroboamu, na yule bwana akaona Rehoboamu.

Hapo ndipo nilipocheka peke yangu kwenye treni.

Kwa sababu hao si majina mawili yaliyookotwa tu. Suleimani alipokufa, ufalme ulipasuka mikononi mwa hao hao wawili. Rehoboamu, mwana wa Suleimani, alipoombwa na watu awapunguzie mzigo, akajibu kwa ushauri wa vijana wenzake kwamba kidole chake cha mwisho ni kinene kuliko kiuno cha baba yake. Makabila kumi yakamkimbia, yakamfuata Yeroboamu. Kitabu cha kwanza cha Wafalme kinasema kulikuwa na vita kati yao siku zote. Na leo, karibu miaka elfu tatu baadaye, bado wanagombea chupa ya lita 4.5 kwenye rafu ya Gaia.

Ajabu nyingine: Rehoboamu, aliyebaki na kipande kidogo cha ufalme, ndiye mkubwa kwa hesabu ya Champagne. Pengine aliyezipanga alikiamini kile kidole.

Ukitafuta mantiki katika orodha hii utachoka. Methusela aliishi miaka 969, kwa hiyo ungemtarajia mwisho wa safu, lakini yuko katikati. Nebukadreza kumpita Balthazar naona ni sawa, maana Wafaransa humwita Balthazar yule Belshaza wa Danieli, aliyewaandalia wakuu wake elfu karamu kubwa, akanywa divai mbele yao, mpaka vidole vikatokea na kuandika ukutani. Mene, mene, tekeli. Umepimwa katika mizani nawe umeonekana umepunguka. Sijui muuza divai gani angependa andiko hilo libandikwe karibu na bidhaa yake, lakini jina wamelichukua.

Nikafikia uamuzi, na nikaridhika nao kwa muda: majina haya ni mbwembwe. Hayapimi kitu. Yapo ili anayenunua ajisikie mfalme.

Halafu nikakutana na kuku.

## Kuku mwenye kishungi

Kati ya magnamu na hao wafalme, port ina chupa moja ambayo watu wa shampeni hawana habari nayo. Ni ya lita 2.25, chupa tatu kamili. Wengine huiita tregnum, neno lililoungwa kutoka kwenye tatu na magnamu. Wafanyabiashara wa zamani wa Uingereza wanaiita tappit hen, yaani kuku mwenye kishungi, na jina hilo ni la Uskoti.

Tappit hen ya kwanza haikuwa chupa. Ilikuwa jagi la bati lenye mfuniko, na wengi wanasema kidude cha juu ya mfuniko ndicho kilichofanana na kishungi cha kuku. Lilikaa kwenye vilabu vya pombe Uskoti, likijazwa moja kwa moja kutoka kwenye pipa na kupelekwa mezani.

Lilikuwa kipimo. Kipimo cha kweli, cha kumimina na kuuza.

Hapo nikasimama. Katika ukoo mzima wa chupa kubwa, wafalme wote ni wa kupamba, na huyu mmoja mwenye jina la kuchekesha ndiye aliyetoka kwenye kazi halisi ya kupima. Jina la kuku ndilo jina la heshima, nikajiambia. Nikaanza hata kuandika makala haya kwa msimamo huo, yangeisha haraka sana.

Kwa nini jina la Kiskoti likaganda kwenye mvinyo wa Ureno? Maelezo ninayoyaona yana uzito ni haya. Kwa muda mrefu port haikutiwa chupani Ureno. Ilisafiri ndani ya mapipa, na wafanyabiashara wa London, Bristol na Leith, bandari ya Edinburgh, ndio walioitia chupani wenyewe kwenye maghala yao. Hali hiyo iliendelea hata kwa port bora kabisa hadi miaka ya 1970. Anayejaza chupa ndiye anayechagua chupa, na ndiye anayeipa jina. Mreno alilima, akakanyaga zabibu, akaongeza pombe kali ya zabibu ili kuzuia sukari isiishe, akashusha mapipa kwa mashua hadi Gaia. Kuku akafugwa kwa mwingine.

## Jagi lililopotea Stirling

Sasa twende kwenye bati, kwa sababu hapa ndipo msimamo wangu ulipoanza kuyumba.

Tappit hen kwa maana yake ya asili ilibeba painti moja ya Kiskoti. Painti hiyo si ile ya Kiingereza. Ni karibu mara tatu yake, lita 1.7 hivi. Uskoti iligawa kazi ya kutunza vipimo kwa miji yake, na mwaka 1457 Stirling ikapewa painti. Kukawa na jagi rasmi, zito, ambalo majagi mengine yote ya nchi yalipaswa kulingana nalo.

Jagi likapotea.

Mwaka 1750 kasisi mmoja aliyependa hesabu, Alexander Bryce wa Kirknewton, alifika Stirling kuliangalia, akaonyeshwa jagi jingine ambalo mara moja aliona si lenyewe. Alitafuta mpaka mwaka 1752 akalikuta darini, katikati ya takataka, kwenye nyumba ya mfua bati aliyekuwa ameazimwa jagi hilo kabla hajaenda kujiunga na waasi wa mwaka 1745. Bryce akalijaza maji, akayapima kwa uangalifu, akapata inchi za ujazo 103.404. Jagi lenyewe lipo mpaka leo, makumbusho ya Stirling.

Napenda kisa hiki kuliko vyote nilivyokutana navyo. Nchi nzima inauziana pombe kwa kipimo, na kipimo chenyewe kimelala darini kwa mtu, hakuna anayejua.

Lakini angalia hesabu. Lita 1.7 si lita 2.25.

Na kuna mahali pengine pa kuangalia. Walter Scott, katika riwaya yake Waverley ya mwaka 1814, anamleta mama mwenye klabu akiwa na tappit hen iliyojaa divai nyekundu ya Bordeaux, na anasema jagi lile lilibeba angalau kwati tatu za Kiingereza, kwati ikiwa robo ya galoni. Kwati tatu kwa kipimo cha divai cha wakati ule zinakaribia lita 2.8. Tukiwa wakarimu tuseme mama yule alikuwa na jagi kubwa kuliko wenzake. Kwa vyovyote, tayari tuna kuku watatu: wa lita 1.7, wa karibu lita 2.8, na huyu wa chupani wa lita 2.25.

Huyu wa tatu naye ana asili inayoeleweka. Wauza mvinyo wa Uingereza walikuwa na kitu walichokiita kwati ya kusemwa tu, yaani chupa ambayo kila mtu anakubali kuiita kwati ingawa haifiki. Ilikuwa sehemu moja ya sita ya galoni, karibu mililita 757. Chukua tatu za namna hiyo: nusu galoni kamili, lita 2.27. Punguza kidogo ili ziwe chupa tatu za kisasa, unapata lita 2.25. Kwa hiyo kuku wa port ni wa kwati tatu, ila kwati za kusemwa.

Nilipofika hapa nikamkumbuka marehemu bibi na pishi yake. Pishi ni vibaba vinne, kila mtu wa pwani alijua hivyo, na hakuna aliyebisha. Kilichobishaniwa ni kibaba cha nani. Cha mji huu kilikuwa na tumbo, cha mji ule kilikuwa chembamba, na muuzaji alikijaza kwa kilele au kwa kusawazisha kulingana na alivyokuona. Uhusiano kati ya vipimo ulikuwa imara. Ukubwa wenyewe ulielea.

Ndivyo ilivyo kwa kuku, na sasa naona ndivyo ilivyo hata kwa wafalme. Kinachodumu ni idadi ya chupa: mbili, tatu, nne, sita, nane. Jina huzunguka juu yake. Yule binti wa Gaia hakunikwepa alipojibu vile.

## Mapafu na kalibu

Utasikia wakisema chupa ni mililita 750 kwa sababu ndiyo pumzi moja ya mpuliza kioo. Ni hadithi tamu na mimi siichukui. Chupa zilizopulizwa kwa mdomo zilitofautiana kiasi kwamba Uingereza, katika miaka ya 1630, ilikataza kuuza divai kwa chupa. Ulibeba chupa yako, ukajaziwa kwa kipimo. Kama mapafu yangekuwa yanatoa 750 kila mara, sheria ile ingekuwa ya nini?

Kilicholeta usawa ni kalibu. Mwaka 1821 Henry Ricketts wa Bristol alipata hataza ya kalibu iliyotengeneza chupa zenye kipenyo na ujazo unaofanana. Bristol, ona. Mji ule ule uliokuwa ukitia port chupani.

Na huko Ureno usidhani kuna utulivu. Pipa la port, ambalo wenyewe wanaliita pipa (sisi tulilichukua kwao, tena bila kulibadilisha), ni lita 550 kwa hesabu ya bonde la Douro na lita 534 na ushei kwa hesabu ya kusafirisha. Marquês de Pombal, waziri wa mfalme wa Ureno, aliweza kuweka mipaka ya eneo zima la port kuanzia mwaka 1756 kwa nguzo za mawe ya matale, na baadhi bado zimesimama. Pipa likamshinda.

## Chupa kubwa inafanya kazi gani

Baada ya majina nilianza kujiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo. Kwa nini uitie port kwenye chupa kubwa hata kidogo? Port ni kali, asilimia 20 hivi ya kilevi. Hunywewa baada ya chakula, kwenye glasi ndogo. Ukimimina mililita 75 kwa kila mtu, chupa ya kawaida inatosha watu kumi. Tappit hen ni watu thelathini.

Jibu lina pande mbili zinazopingana, na hapa chupa inaacha kuwa mapambo.

Kuna port inayokomaa ndani ya chupa. Ni ya mavuno ya mwaka mmoja, na lebo yake huandikwa Vintage. Hukaa kwenye mbao miaka miwili, mitatu, kisha huzibwa bila kuchujwa na kulazwa gizani, miaka ishirini, arobaini, hata zaidi. Inatupa mashapo, inabadilika rangi, inatulia. Kinachoisukuma ni hewa kidogo mno, ile iliyobaki shingoni na ile inayopenya kizibo. Shingo ya magnamu au ya tappit hen haikui sawasawa na tumbo, kwa hiyo hewa ni karibu ile ile na mvinyo ni mara mbili au mara tatu. Joto la chumba nalo huchelewa kuingia kwenye ujazo mkubwa. Mvinyo unazeeka taratibu zaidi. Anayenunua tappit hen ya port hiyo ananunua kuchelewa.

Kisha siku ya kuifungua, anapaswa kuimaliza. Port ya namna hii ikishaonja hewa haina subira. Siku mbili, tatu, imeanza kufifia. Kwa hiyo amengoja nusu ya maisha yake, na sasa anahitaji watu thelathini waje usiku mmoja. Aidha awe na ukoo mkubwa au awe na askofu nyumbani.

Port ya pili imekomaa tayari ndani ya mapipa, imegeuka rangi ya kahawia, nayo huandikwa Tawny. Imeshapambana na hewa miaka yote hiyo, haiiogopi. Ukiitia kwenye chupa haizeeki tena kwa maana ya kukua, na ukiifungua inavumilia wiki kadhaa. Kampuni ya Graham's huitia Tawny yake ya miaka 20 kwenye chupa ya lita 4.5, na ukitazama utaona ni akili tupu: mkahawa unaiweka kaunta, wateja wanaiona, glasi moja inauzwa leo na nyingine wiki ijayo.

Chupa mbili kubwa zinaweza kusimama rafu moja, moja imetengenezwa ili isiguswe na nyingine ili iguswe kila siku.

Na kuna chupa kubwa ya tatu, ambayo yenyewe haiuzwi kabisa. Kampuni ya Niepoort huweka port fulani, inayoitwa Garrafeira, kwanza kwenye mbao miaka michache, kisha kwenye madumu ya kioo yenye tumbo, ya lita kumi hivi, kwa miaka isiyopungua minane na mara nyingi zaidi sana. Ikiiva hutolewa humo, mashapo yakiachwa nyuma, na kutiwa kwenye chupa za kawaida. Hapo kioo kikubwa ni karakana. Hakina jina la mfalme yeyote, na nadhani ndicho chenye kazi ngumu kuliko vyote.

## Sheria inaishia kwenye magnamu

Tangu Aprili 2009 Umoja wa Ulaya umeachia bidhaa nyingi zifungwe kwa ujazo wowote, lakini divai ikabanwa. Kwa mvinyo ulioongezewa pombe kali, port ikiwemo, kati ya mililita 100 na 1500 kuna saizi saba tu zinazoruhusiwa: 100, 200, 375, 500, 750, 1000 na 1500.

Juu ya hapo, uwanja uko wazi.

Mtu akitaka leo kutengeneza tappit hen ya painti ya Kiskoti, ile halisi ya Stirling, hakuna saizi inayomzuia. Kinacholazimishwa ni tarakimu tu: andika ujazo kwenye lebo, uonekane. Jina ita upendavyo. Nilipoisoma nikaona waliotunga walikuwa na busara. Wangejaribu kuamua nani ni Yeroboamu, Champagne na Bordeaux wangekuwa bado kwenye kikao.

Shemeji nilimtumia haya yote kwa WhatsApp, ujumbe mrefu. Akajibu: "Kwa hiyo mimi nilikuwa sahihi." Nikamwambia soma tena. Akasema amesoma, na kwamba yule Mfaransa naye awe sahihi kwao.

Watu wameniuliza, ningenunua ipi. Kwa port ya kungoja, magnamu inatosha; faida ya kuchelewa unaipata na bado unaweza kuimaliza na marafiki kumi na wanane au ishirini bila kualika mtaa. Kwa harusi, ile ya kahawia ya lita 4.5, iwekwe mezani pa wazee, na kama itabaki haiharibiki haraka. Tappit hen ningeitaka kwa sababu ya Bryce na lile dari. Nebukadreza siitaki hata kwa kupewa: lita 15 pamoja na kioo chake zinapita kilo ishirini, na kuimimina bila kutibua mashapo kunahitaji mtu wa pili, mwenye mgongo mzima.